Lubumbashi: teatre ya mji, na njia ya kurudi Kasungami

Siku ya posho jioni, mu kartie Kasungami, komine Annexe, hakukosi michopo kwenye moto, muziki iko juu, watu wanazungumza. Teatre, hapana. Mwenye kutaka kuona mchezo anaenda mpaka santre ya mji, kisha anatafuta namna ya kurudi usiku.

Lakini Lubumbashi ilikuwa na teatre yake kubwa. Ilijengwa mu miaka ya 1950, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, kwa mchoro wa Mubelgiji Claude Strebelle. Leo ni Bâtiment du 30 Juin. Mu 2000, wakati Laurent-Désiré Kabila alileta bunge la mpito Lubumbashi, wabunge waliingia humo. Baadaye bunge la jimbo nalo likakaa humo. Wasanii wakabakia na nafasi kidogo, kama Halle de l'Étoile.

Zanzibar ilienda kinyume. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman karibu mwaka 1700, kiisha kufukuza Wareno. Ilipata kuwa gereza. Mu miaka ya 1990 wakatengeneza ndani yake uwanja wa maonyesho wenye ngazi za kukalia. Restora nayo iko. Festivali ya filamu ZIFF, ya tangu 1998, na ya muziki Sauti za Busara, ya tangu 2004, zimetumia uwanja huo. Usiku wa namna hiyo, mpishi anapata, fundi wa taa anapata, mwenye teksi anapata.

Kutengeneza ukuta wa zamani si kupaka rangi tu. Hapo hapo karibu na Ngome, jumba la Beit-al-Ajaib, la mwaka 1883, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiendelea. Watu wawili walikufa. Jengo la zamani linaomba mafundi wenye kujua na pesa ya kila mwaka.

Kwa Lubumbashi kuna shida ingine: umbali. Ngome Kongwe iko katikati ya mitaa, watu wanaenda kwa miguu. Mkaaji wa Kasungami analipa tiketi, analipa kwenda, analipa kurudi, na njiani anaogopa wezi. Kama mchezo unaisha wakati bisi zimekwisha, teatre itakuwa ya wenye motokari.

Wasanii hawakosekani: kikundi Picha kimeanzisha Biennale ya Lubumbashi tangu 2008. Kwa hiyo wenye kuomba majengo ya zamani yarudishiwe wasanii wanapaswa kuomba na mambo madogo: michezo ya muchana, bisi ya kurudisha watu, tiketi ya bei ya chini, na michezo ingine ipelekwe mu masomo na paroasi za kartie.

Bila hayo, jengo litapona vizuri, lakini mama wa Kasungami atalisikia ku radio tu.