Kitenge na Mashine ya Noti

Kila nikikata kitenge cha wax kwenye meza yangu ya kushonea, naitazama ile mistari myembamba, kama nyufa, inayokatiza maua bila mpangilio. Katika karne ya 19, huko Haarlem, Uholanzi, mtengenezaji wa nguo aitwaye Prévinaire alichukua mashine ya kuchapia noti akaigeuza iige batiki ya Java, ikipaka utomvu pande zote mbili za kitambaa. Utomvu ukapasuka, rangi ikapenya. Wajava hawakuzipenda nyufa hizo. Afrika Magharibi ikazipenda mno, biashara ikahamia huko. Nasema wazi: wanunuzi wale ndio walioifanya kasoro kuwa pambo. Walimu wa ushonaji, watajeni darasani sawasawa na mwenye mashine.