Utamaduni wa Nusu Saa

Makundi ya wanafunzi na wageni yajayo Tabora kujionea utamaduni wetu yana desturi ambayo haifai kuachwa bila ya kupingwa. Mchana kundi hupelekwa Kwihara kutazama tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Jioni huketishwa uani Kitete, likachezewa ngoma ya nusu saa na watu waliovishwa sare. Halafu kiongozi wa safari hutangaza kwamba utamaduni umekwisha. Kilichobaki ni starehe, na kila mtu ashike njia yake. Hivyo siku moja hukatwa vipande viwili: mchana wa elimu na usiku wa anasa.

Nathubutu kusema kwamba mgawanyo huo ni wa uongo, na hakuna mji usioustahili kama Tabora. Mji huu ulikuzwa na misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu hadi pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya. Mchana mabega yao yalikuwa mali ya mzigo, na hatua zao mali ya kirangozi. Usiku, kambini, ndipo walipokuwa watu wenye ndimi zao. Wakapiga ngoma, wakataniana, wakafunzana nyimbo na watu wa makabila mengine. Anayeonyeshwa mchana peke yake ameonyeshwa mzigo, hakuonyeshwa mpagazi.

Tena nyimbo hizo hazikuwa pambo. Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, ameeleza katika kitabu chake jinsi wapagazi walivyomwimba yeye mwenyewe kwa kumsimanga, ati ni mzungu mbaya, lakini watamfuata maadamu anawalisha vizuri. Mwenye mali na bunduki aliambiwa sifa zake na watu waliombebea mizigo. Je, katika nusu saa ya Kitete ni nani anayesimangwa? Hapana mtu. Maneno hayafasiriwi, mgeni haguswi, na mwimbaji haulizwi jina. Wimbo umeng'olewa meno kwanza, ndipo ukaitwa wa asili.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba usiku wa leo ni wa magitaa na vipaza sauti, vitu vya kigeni. Nitakumbushwa kwamba Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu twajua rumba na cha-cha-cha, lakini hatuijui Gombe Sugu wala Mangala. Lawama ile ilikuwa ya haki, kwa kuwa iliwaelekea watu walioona haya kwa vitu vya kwao. Walakini kuitumia leo kwa kuifungia mlango dansi ya Tabora ni kuigeuza kichwa chini. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi zilizovuma katika miaka ya 1960 na 1970, zilitunga kwa Kiswahili, zikaimba mapenzi, zikaonya na kulalamika mbele ya watu waliozielewa. Gitaa lilitoka ng'ambo, ni kweli. Shanga nazo zilitoka ng'ambo, wala hatujasikia mcheza ngoma akiamriwa azivue.

Kosa hili si letu peke yetu. Korea nako makundi ya wasafiri huonyeshwa michezo ya kale, kisha huachiwa mitaa yenye taa kama kwamba ni nchi nyingine. Lakini ngoma yao ya vinyago iitwayo talchum, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2022 katika orodha ya urithi wa binadamu, ilikuwa mchezo wa watu wa chini kuwakejeli waungwana na watawa wanafiki, na mara nyingi ilichezwa usiku kwa mwanga wa moto. Iondolee kejeli, utabaki na vinyago tu.

Hasara kubwa ni ya vyuo vyetu. Mwanafunzi aliyetazama nusu saa ile kesho atakuwa mwalimu, naye atafundisha fasihi simulizi kama kitu kisicho na msemaji wala msemwa. Wakati huo huo wazee wazijuao nyimbo kwa maneno yake na visa vyake wanapungua mwaka hata mwaka.

Basi safari hizi zibadilishwe. Kundi likae siku kadhaa. Likialikwa katika ngoma ya harusi, liende, na likisikia dansi, liingie. Wanafunzi wayaandike maneno ya nyimbo kwa idhini ya wenyewe, na kuuliza limesemwa nini, juu ya nani, na kwa nini. Malipo yafike mkononi mwa mwimbaji, kwani mcheza kwao hutunzwa. Na mgeni akitaniwa katika wimbo, asikasirike: hapo ndipo atakapokuwa amefika Tabora.