Pikapu Haipandi Mlima: Je, Injini Imekufa?



Barua ya mwezi huu imetoka kwa dada anayeishi karibu na Njombe. Pikapu yao ya zamani, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L, ndiyo inayopeleka viazi Makambako, na ndiyo inayolipa ada za watoto. Siku hizi ikifika mlimani na mzigo, injini inanguruma sana lakini gari halisongi, na kuna harufu kali ya kitu kinachoungua. Gereji wameambiwa injini imekufa na giaboksi nayo iko njiani kufa, basi zote zibadilishwe. Baba watoto ameanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Dada anauliza, "Je, tuuze?"

Dada yetu mpendwa, msiuze kwanza. Mtoto akiwa na homa hatukimbilii kumpasua tumbo, tunampima. Gari nalo ni hivyo hivyo.

SIKILIZENI SAUTI

Injini iliyochoka ikifika mlimani hulemewa. Sauti yake hushuka na gari hupunguza mwendo, vyote kwa pamoja. Lakini wewe unasema sauti inapanda huku gari likibaki palepale. Maana yake nguvu inatengenezwa, ila haifiki kwenye magurudumu.

Kati ya injini na giaboksi kuna klachi. Ndani yake mna sahani inayobanwa kwenye gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili. Sahani hiyo ikilika huteleza, hupata moto na kutoa harufu kama hiyo uliyoieleza. Kwa hiyo wa kwanza kushukiwa hapa ni klachi.

Kipimo chake hakina gharama. Gari liwe mahali tambarare, watoto wawe mbali, na mbele pasiwe na mtu. Wekeni mawe kwenye magurudumu na kuvuta handbreki mpaka mwisho. Dereva awashe, aingize gia ya tatu, aguse mafuta kidogo, kisha aachie klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, klachi inateleza. Mzime mara moja wala msirudie rudie, maana kila jaribio linaila zaidi.

Kabla giaboksi haijashushwa, fundi atazame pedali ya klachi. Ikiwa haina hata nafasi ndogo ya kucheza pale juu, huenda inahitaji kurekebishwa tu.

GIABOKSI INA DALILI ZAKE

Watu wengi wametoa fedha nyingi kwa ajili ya giaboksi isiyo na kosa. Zijue tofauti hizi:

Gia zote zikigoma injini inapowaka, lakini zikaingia laini injini ikiwa imezimwa, klachi haiachii vizuri. Tazameni kama mafuta ya klachi yamepungua kwenye kikopo chake.

Gia moja tu ikikwaruza, nyingine zikiwa nzuri, tatizo liko ndani ya giaboksi. Vivyo hivyo gia ikiruka yenyewe njiani.

Gari likisimama bila gia huku injini inawaka, kukawa na mvumo unaotoweka ukikanyaga pedali, ishukuni beringi ya giaboksi. Mvumo ukianza pale unapokanyaga, ishukuni rilizi beringi, ambayo ni ya klachi.

NA INJINI JE?

Ikagueni asubuhi ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka fundi alione. Kisha tazameni maji ya rejeta, lakini kifuniko kisifunguliwe kamwe kikiwa cha moto, kwani maji yale huruka na kuunguza uso.

Moshi nao husema. Mweusi wakati wa mzigo: anzeni na chujio la hewa, kisha nozeli. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe asubuhi ya baridi, ukakoma injini ikipata joto: mara nyingi ni plagi za kupasha moto. Mweupe usiokoma, na maji yanapungua: ishukuni gasketi ya silinda hedi. Gari likikosa nguvu bila moshi, badilisheni kwanza chujio la dizeli.

MKIENDA GEREJI

Msiseme, "Tutengenezee injini." Elezeni dalili kama mnavyomweleza daktari, na mwombe fundi afanye kile kipimo cha gia ya tatu mbele yenu. Ikiwa ni klachi, badilisheni kwa pamoja sahani, presha pleti na rilizi beringi, kwa sababu kazi ya kushusha giaboksi ni ile ile. Fundi atazame pia sili ya oili nyuma ya injini. Ikivuja juu ya sahani mpya, mtarudi pale pale. Ombeni mwonyeshwe vipuri vya zamani.

Na kama vipimo vyote vitaonyesha kuwa injini kweli imechoka, basi mtauza ng'ombe mkijua mnauza kwa sababu gani. Zungumza na mwenzako kwa utulivu, mkiwa na karatasi mliyoandika dalili hizi.

Mwisho, mwambieni dereva asipumzishe mguu juu ya pedali ya klachi anapoendesha, wala asilishikilie gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Punguzeni na magunia. Klachi mpya nayo itakwisha upesi ikitendewa hivyo.