Bahari isubiri, twendeni Matema

Jamani wadau, nyumbani Ruanda kuna mjadala mkali. Hela ya kahawa ikitoka, familia nzima inataka kwenda kupiga kambi ufukweni. Wadogo zangu wanang'ang'ania Bagamoyo, eti wakaione bahari. Mi nasema Matema, Ziwa Nyasa.

Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, na Bagamoyo bado iko mbele. Bibi na magoti yake hayo basi la siku nzima haliwezi. Sasa safari inayomwacha Bibi nyumbani tutaiitaje ya familia? Matema unapita Mbeya na Tukuyu, unashuka Kyela, na jioni hema limeshasimama mchangani chini ya Milima ya Livingstone. Maji hayana chumvi, hayapwi wala kujaa, na vyungu vya Wakisi Bibi atavichagua mwenyewe.

Ila kambi tusiichague kwa picha. Tuulize kwanza: choo kikoje, maji ya kunywa yapo, kivuli kipo, usiku kuna mlinzi? Tukae mbali na midomo ya mito, maana kuna mamba. Watoto wasiogelee penye matete, kichocho kipo. Na tusiende Aprili wala Mei, mvua ya Kyela si mchezo.

Bahari haihami. Wadogo zangu wataiona siku wakipata kazi zao. Bibi hana miaka mingi ya kusubiri. Au nyie mnaonaje?