Rubani Aliyegeuza Njiani

Katika uwanda wa kati msimu wa mvua ni mmoja tu, huanza takriban Desemba na kumalizika Aprili. Wakulima wa Bahi na Chamwino huusubiri kwa hamu, na ukichelewa, Waislamu hutoka kuswali swala ya kuomba mvua. Wingu jeusi likijitokeza alasiri juu ya mibuyu, nyoyo hufurahi. Lakini wingu hilo hilo ndilo rubani wa ndege ndogo analolikimbia.

Tuliwahi kuwa miongoni mwa abiria wachache wa ndege ya aina hiyo, tukitoka Arusha kuelekea Dodoma. Tulikuwa tunawahi maziko ya mama yetu mkubwa. Tulipokaribia anga ya Kondoa, ukuta wa mawingu ulisimama mbele yetu, umeme ukimulika ndani yake. Rubani alitafuta upenyo kulia, akatafuta kushoto, kisha akageuza. Tulinung'unika. Mmoja wetu alimwita mwoga. Mama alizikwa kabla ya Magharibi, nasi hatukuwapo.

Ghadhabu ilipotulia tuliuliza, tukafahamishwa. Asubuhi anga ya Dodoma huwa nyeupe. Ardhi ikipata joto, hewa yenye unyevu hupanda kwa nguvu, na baada ya muda mfupi wingu dogo huwa mlima unaozidi kilomita 10 kwenda juu. Ndani yake pepo zipandazo na zishukazo hupishana, na mna mvua ya mawe na barafu igandayo kwenye mabawa. Ndege ndogo haina uwezo wa kupita juu yake. Chini yake nako si salama, kwani upepo ushukao hupiga ardhi na kutawanyika, ukitimua lile vumbi tulijualo sote. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya joto katika mwinuko huo ni nyepesi, hata injini na mabawa hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana marubani hufundishwa kulikwepa wingu kali la radi kwa takriban kilomita 37, na pasipo na njia, kurudi.

Tusidhani kuwa haya ni ya ndege ndogo pekee. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43, na 19 kati yao walifariki. Familia zao ziliwasubiri wasafiri wasiofika.

Wapo wasemao kuwa ajali ni qadar, basi kurudi kuna faida gani? Jibu tunalo katika historia yetu. Khalifa Umar (r.a.) alipokuwa njiani kuelekea Sham alipata habari ya tauni, akashauriana na maswahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza iwapo anaikimbia qadar ya Allah. Umar alimjibu kuwa wanaitoka qadar ya Allah na kuiendea qadar ya Allah. Aliyerudi alikuwa na tawakkul kama aliyeuliza.

Nasaha yetu ni kwa sisi tunaosubiri nyumbani. Mara nyingi ni simu zetu zinazomsukuma msafiri: "Umefika wapi? Tunakungoja wewe tu." Naye humgeukia rubani, au dereva wa basi, akimhimiza. Tunapomwita ndugu yetu msibani au harusini, tumwambie pia kwamba akizuiwa na mvua, udhuru wake tumeupokea. Dua kwa maiti humfikia popote inapoombwa, na kaburi huzuriwa hata baada ya wiki.

Siku ya pili asubuhi, chini ya anga nyeupe, rubani yule yule alitufikisha Dodoma. Tulimwomba radhi, naye alitabasamu tu. Tulikwenda makaburini tukakuta udongo umelowa kwa mvua ya jana, tukamwombea mama. Wanawe walitukumbatia, wala hakuna aliyetulaumu.

Allah (s.w.) awarehemu waliotutangulia, na awafikishe salama walio safarini. Amin.