Wasichana wa Sericho Waachiwe Kikosi Chao

Siku hizi tunaambiwa vikosi vya wasichana peke yao katika uskauti vimepitwa na wakati, wachanganywe na wavulana ndipo usawa upatikane. Mfano unaotolewa ni Marekani, ambako Boy Scouts walianza kupokea wasichana 2018, na 2025 wakajiita Scouting America. Hata Kenya, Chama cha Skauti hupokea wote. Anayetaka kuingia huko aingie. Lakini mtu asije kwetu Sericho, Isiolo, kuvunja kikosi cha wasichana kwa jina la usawa!

Huku kwetu, ukanda wa Waso, binti huanza na madumu ya maji na mbuzi kabla hajashika kalamu. Mpeleke kambini na kaka zake uone. Nyundo na kamba za hema atashika mvulana, filimbi itakuwa shingoni mwake, na binti atatumwa kuni. Hakuna atakayetoa amri, ndivyo walivyolelewa. Na hapo ni ikiwa amefika kambini. Wazazi wengi wa Kiborana, Waislamu wanaojali stara, hawatakubali binti alale kambi moja na wavulana, nami siwalaumu. Kikosi cha wote kitabaki cha wavulana.

Wapo watakaonikumbusha kwamba utengano huu ulianza kwa kubaguliwa. Kweli. 1909 wasichana walijitokeza kwenye mkutano wa maskauti Crystal Palace, London, wakidai nafasi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, akawaundia chama chao 1910, chini ya dadake Agnes. Ila wao hawakukaa wakilia. Kufikia 1928 walikuwa na shirikisho lao la dunia, WAGGGS, linaloongozwa na wanawake. Uongozi huo hakuna mvulana wa kuwapokonya.

Kisha kuna mambo yasiyosemeka mbele ya wavulana. Sodo zimeisha. Nyumbani wameanza kunong'ona habari za kisu. Posa imeletwa, na mtihani uko mwezi ujao. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya 2011, na tangu 2017 sheria inaitaka serikali impe msichana aliyebalehe wa shule ya umma sodo bure. Binti atayajulia wapi haya, na atamuuliza nani, ikiwa nyuma yake kuna kijana anayemcheka?

Wasichana wakishazoea kushika filimbi, wakutane na wavulana kupanda miti na kushindana kufunga mafundo. Kwa sasa, walimu wakuu na machifu, wapeni mwalimu wa kike, chumba chenye mlango unaofungwa, na saa moja kila wiki isiyoliwa na mitihani wala kufagia uwanja.