Mtoto Anayeonewa Amwambie Nani?

Uonevu shuleni huanza na kitu kidogo, Katubuka kama kwingineko hapa Kigoma Ujiji. Mtoto wa darasa la tatu kapewa mia mbili ya mihogo ya mapumziko. Wa darasa la sita anamvizia nyuma ya vyoo na kuidai. Asipotoa, anazabwa kibao na kuitwa Mrundi mbele ya wenzake. Katika mkoa uliopakana na Burundi na kupokea wakimbizi kwa miongo mingi, tusi hilo linauma kuliko kibao, na sisi watu wazima tumezoea kulipuuza eti ni utani. Watani hujibizana. Huyu hathubutu kujibu.

Msaada upo, tena wa bure. Kuna namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna maafisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake.

Ila mtoto huyo hana simu. Baba kakesha ziwani akivua dagaa, mama kadamkia sokoni Mwanga. Mtu mzima anayemwona mchana kutwa ni mwalimu, na hapo ndipo penye kasoro. Walimu wakiwa wachache, anayepewa malezi na ushauri nasaha aghalabu ndiye huyo huyo wa nidhamu. Wa kusikiliza siri ndiye mshika fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, lakini mtoto hasomi kanuni. Anachokijua ni kwamba akisema, mbabe atachapwa mstarini, na jioni atamngoja njiani na hasira zake zote. Basi ananyamaza, anaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu.

Wapo wanaosema bila fimbo mbabe hasikii, na kwamba tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, mwalimu hana muda wa kubembeleza. Ugumu huo naukubali. Lakini kutenganisha kazi hizo mbili hakudai bajeti: mwalimu wa malezi asiguse fimbo, watoto wote wamjue kwa jina, na akiambiwa jambo asilipeleke mstarini. Mbabe naye aitwe pamoja na mzazi wake, aulizwe nyumbani anaishije. Wengi wao wanapigwa huko. Na ni watoto: aliye chini ya miaka 10 sheria yetu haimtii hatiani kwa kosa lolote.

Mzazi naye asikimbilie kwenda kugombana na mzazi mwenzake. Aandike siku, mahali na waliokuwepo, aende shuleni. Asiposikilizwa, apande kwa afisa elimu kata, kisha ustawi wa jamii. Na kikao kijacho cha wazazi, kabla ya hesabu za michango ya chakula, aulize mwalimu wa malezi ni nani, na kama anashika fimbo.